Misuli ilirudi kabla ya magoti: kisa cha mtu aliyerejea kwenye vyuma baada ya miaka minne

Kisa hiki ni cha mwanamume wa miaka arobaini na kidogo, mkazi wa Nairobi, aliyeacha mazoezi ya vyuma Machi 2020 na kurejea mwanzoni mwa 2024. Jina lake, mtaa wake na kazi yake nimeviacha nje, naye amesoma maandishi haya na kuridhia yatoke. Nitamwita Baba T. Mimi ndiye niliyekuwa kocha wake kwa wiki zote ishirini ninazozieleza hapa, na kosa kubwa lililofanyika ndani yake ni langu.

Usuli

Baba T. alianza kubeba vyuma 2011 katika jimu ya mabati huko Eastlands, ile aina ambayo benchi limechomelewa na fundi wa jua kali na baadhi ya vyuma ni mikebe iliyojazwa saruji. Baadaye alihamia jimu yenye vyuma vya kilo zinazojulikana, na hapo akaanza kuandika kila kitu kwenye daftari. Alikuja nalo siku ya kwanza tuliyokutana. Ukurasa wa Februari 2020 ulisema hivi: kuchuchumaa na chuma mabegani, kilo 130 mara tano, kusukuma chuma benchini, kilo 95 mara tano, kuinua chuma kutoka sakafuni, kilo 160 mara tatu. Uzito wa mwili ulikuwa kilo 84, na paja la kulia sentimita 62.

Mwezi uliofuata korona ikaingia nchini. Jimu zikafungwa, kafyu ikaanza tarehe 27 Machi, na kila mtu akawa anakimbilia nyumbani kabla ya saa moja jioni. Kafyu ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, maisha yake yalikuwa yameshageuka. Alikuwa amepata mtoto wa pili na kuhamia nje ya mji, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili aiwahi barabara kabla haijajaa magari, anarudi saa mbili usiku. Kila Januari alisema mwaka huu atarudi.

Kilichomrudisha ni mtungi wa gesi, ule wa kilo 13. Desemba 2023 alijaribu kuupandisha hadi ghorofa ya nne. Alipumzika mara mbili, na mara ya pili kijana wa dukani akaupokea, akauweka begani, akapanda nao huku akiongea na simu. Aliponisimulia jambo hilo hakucheka, nami sikucheka.

Nilipompima alikuwa na kilo 79. Paja la kulia lilikuwa sentimita 55 na kiuno kimeongezeka sentimita 9. Mizani ilikuwa imempa picha ya uongo: alidhani amepoteza kilo tano tu. Ukweli ni kwamba misuli iliyokwenda ilizidi hapo, na sehemu ya pengo hilo ilijazwa na mafuta ya tumboni.

Jumamosi aliyokwenda peke yake

Kabla ya kunitafuta alikuwa amejaribu mwenyewe. Jumamosi moja ya Januari alikutana na marafiki wa zamani jimuni, akaweka kilo 80 mabegani akihesabu kwamba kwa mtu wa 130 hizo ni za kupasha mwili joto. Alichuchumaa seti nane, yaani mafungu nane yenye mapumziko katikati. Chuma hakikumshinda, na alitoka pale akiwa na furaha. Jumatatu hakuweza kukaa chooni bila kushika ukuta, na maumivu hayo yalikaa siku sita.

Aliponipigia simu, swali langu la kwanza lilikuwa mkojo wake una rangi gani. Alishangaa, lakini swali hilo humuuliza kila anayerudi baada ya muda mrefu kisha akaumia namna hiyo. Msuli ukivunjikavunjika kupita kiasi humwaga protini iitwayo mayoglobini ndani ya damu, nayo huweza kuharibu figo. Mkojo huwa mweusi mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Anayeona hivyo hapaswi kulala akisubiri kupata nafuu, wala kumeza dawa za maumivu. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Wake ulikuwa wa kawaida, tukashukuru.

Kwa maoni yangu anayerudi yuko hatarini zaidi kuliko mgeni kabisa. Mgeni hajui kuchuchumaa na kilo 80, kwa hiyo hatazigusa. Anayerudi anajua. Mwili unakumbuka njia ya kulibeba zigo, na moyo umezoea kuvumilia, wakati nyuzi za misuli zilizokuwa zikilibeba zimesinyaa.

Nilimwomba apimwe shinikizo la damu, kwa sababu baba yake anaugua. Lilikuwa sawa, tukaendelea.

Uamuzi wa kwanza: kuanza chini kuliko alivyotaka

Tulianza wiki ya tarehe 5 Februari 2024, siku tatu kwa wiki: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku ya tano au ya sita ingemla usingizi, na tayari alikuwa analala saa tano na nusu tu kwa usiku. Kuchuchumaa tulikupangia Jumanne na Jumamosi.

Uzito wa kuanzia niliuweka karibu asilimia 40 ya ule wa daftarini: kilo 50 za kuchuchumaa, 40 za benchi, 60 za kuinua kutoka sakafuni. Seti mbili, marudio manane.

"Kocha, hii ni ya watoto," aliniambia.

"Ndiyo, mzee. Wiki mbili tu."

Nilikuwa na sababu. Msuli ukipewa dozi ndogo ya kazi usiyoizoea, hujikinga: ukirudia kazi hiyo hiyo siku chache baadaye, uharibifu na maumivu huwa madogo zaidi. Hiyo ndiyo kinga niliyotaka aipate kwa bei nafuu, sio kwa siku sita za kushika ukuta. Tena nilitaka kuona mwendo wake. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimekakamaa na alikuwa akiegemea kulia anapopanda, jambo ambalo halionekani vizuri mtu akiwa anapigana na zigo.

Chakula tulikipanga siku hiyo hiyo. Alikuwa ameshaulizia bei ya mkebe wa protini ya unga, nikamwomba kwanza tuhesabu anachokula. Asubuhi chai na mandazi mawili. Mchana ugali, sukuma na vipande vichache vya nyama. Usiku chapati na ndengu. Kwa makadirio yetu alipata gramu 60 hivi za protini kwa siku. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu anayejenga misuli ni kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani kwake gramu 126. Alihitaji mara mbili.

Tulipata nyingi ya gramu hizo sokoni na dukani. Mayai matatu asubuhi yalileta gramu 18. Nusu lita ya maziwa lala saa kumi ilileta kama 16. Omena wakaingia mara tatu kwa wiki, githeri ikawa na maharagwe mengi kuliko mahindi, na sahani ya ndengu ikaongezwa ukubwa huku chapati zikipungua kutoka tatu hadi mbili. Hakufika 126 kila siku. Alifika 110 siku nyingi, na ilitosha.

Wiki sita nzuri

Sijui namna ya kuzieleza wiki hizi bila kuonekana natia chumvi, kwa hiyo nitatoa takwimu za daftari. Kuchuchumaa kulitoka kilo 50 hadi 90 mara tano. Benchi likatoka 40 hadi 72.5. Paja la kulia lilitoka sentimita 55 hadi 58. Mgeni anayeanza kutoka sifuri haendi hivyo. Mashati yalianza kumbana mabegani, na wenzake kazini wakaanza kumuuliza anakula nini.

Jambo hili lina maelezo. Uzi wa msuli ni seli ndefu yenye viini vingi, tofauti na seli nyingi za mwili zenye kiini kimoja. Mtu anapofanya mazoezi kwa miaka, seli ndogo zilizolala kando ya uzi huungana nao na kuuongezea viini, na kila kiini husimamia utengenezaji wa protini katika eneo lake. Mwaka 2010 watafiti wa Oslo walionyesha kwa panya kwamba uzi unaposinyaa kwa kukosa kazi, viini vilivyoongezwa vilibaki. Ni kama kiwanda kilichopunguza uzalishaji bila kuwafuta kazi mafundi. Kwa binadamu wanasayansi bado wanabishana kuhusu viini hivyo, lakini kwamba anayerudi hupanda haraka kuliko anayeanza, hilo limeonekana mara nyingi. Utafiti wa Ufini uliochapishwa 2024 ulilinganisha watu waliofanya mazoezi wiki 20 mfululizo na wengine waliopumzika wiki 10 katikati. Mwishoni makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa, kwa sababu waliopumzika walirudisha walichopoteza ndani ya wiki chache.

Mapumziko ya wiki kumi si miaka minne, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba sehemu ya sentimita tatu za paja haikuwa nyama mpya. Msuli unaorudi kazini hujaza akiba yake ya sukari, glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na kama gramu tatu za maji. Paja hujaa kabla halijakua. Alisikia, lakini kipimo alikipiga picha akamtumia mke wake, na mimi sikuwa na moyo wa kuipoza furaha hiyo. Pengine ningeipoza kidogo.

Uamuzi wa pili, ambao ulikuwa mbaya

Hadi wiki ya sita tulikuwa tukiongeza kwa hatua: kubwa kidogo wiki mbili za mwanzo baada ya zile nyepesi, kisha ndogo zaidi. Wiki ya saba aliniomba tuongeze kilo tano kila mara. Pasaka ilikuwa inakuja, 31 Machi, na ukoo mzima ungekutana ushago. Alitaka afike akiwa yule wa zamani. Mwendo wake ulikuwa safi, hakuwa na maumivu, chuma kilipanda kwa kasi. Nikakubali.

Wiki ya saba alibeba 95 na 100. Wiki ya nane, Jumanne, 105. Jumamosi asingekuwepo kwa sababu angesafiri Ijumaa Kuu, kwa hiyo tuliisogeza zamu ya Jumamosi hadi Alhamisi, akachuchumaa na 110. Siku mbili nzito za magoti ndani ya saa 48. Niliandika mwenyewe kwa kalamu yangu pembeni mwa ukurasa: "Safi sana."

Kuna jambo lingine ambalo sikulijua wakati huo. Tangu wiki ya tano alikuwa amerudi pia kwenye mpira wa Jumapili na timu ya mtaani, dakika sitini kwenye uwanja mkavu. Hakuniambia kwa kuwa sikuuliza. Nilimuuliza kuhusu usingizi, chakula na maumivu, lakini sikumuuliza kazi nyingine magoti yake yanafanya.

Goti

Maumivu yalianzia ushago, akishuka mteremko kwenda kisimani: mbele ya goti la kulia, chini kidogo ya pia ya goti. Alinificha wiki nzima. Wiki ya tisa nilimwona akigeuza mguu kabla ya kuchuchumaa, nikamsimamisha.

Alivyoyaeleza ilitosha kunipa picha. Goti linauma seti ya kwanza, linapata moto na kunyamaza, kisha kesho yake asubuhi ngazi za ghorofa ya nne zinakuwa adhabu. Nilimpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akabonyeza mahali pamoja kwa kidole gumba na Baba T. akaruka. Ni kano inayounganisha pia ya goti na mfupa wa muundi, ile ambayo wengi mtaani huiita mshipa. Haikuchanika. Ilikuwa imepewa mzigo uliokua haraka kuliko uwezo wake.

Hapa ndipo somo la kisa hiki lilipo, na ni somo nililolijua kwa maneno kabla ya kulijua kwa macho. Msuli una damu nyingi na hujirekebisha kwa siku na wiki. Kano ina mishipa michache ya damu na seli chache, na huhesabu kwa miezi. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima kaboni iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya karne iliyopita ndani ya kano ya kisigino ya watu wazima, wakagundua kwamba sehemu ya ndani ya kano hiyo karibu haibadilishwi tena baada ya ujana. Kumbukumbu ya msuli iliyotufurahisha kwa wiki sita haikuwahusu majirani zake. Kasi ya misuli ya Baba T. ndiyo iliyoiumiza kano yake, na mimi nilikuwa nikiisoma kasi hiyo kama ruhusa.

Uamuzi wa tatu: kupunguza, sio kulala

Yeye alitaka kuacha kabisa kazi ya miguu hadi goti lipone. Mtaalamu alikataa, nami nilikubaliana naye. Kano isiyopewa mzigo huzidi kupoteza uwezo, na siku ya kurudi unakuta umeanza chini zaidi.

Tulishuka hadi kilo 60. Sekunde tatu kushuka, sekunde tatu kupanda, bila kudunda chini. Siku za katikati alikaa ukutani bila kiti, mapaja yakiwa karibu sambamba na sakafu, sekunde 45 mara tano, akipumzika dakika mbili kila baada ya zamu. Tukakubaliana kipimo: kati ya sifuri na kumi, maumivu yasizidi tatu wakati wa zoezi, na asubuhi inayofuata kwenye ngazi yawe yamerudi yalikokuwa. Yakizidi, kilo zinapungua. Yakitulia wiki nzima, tunaongeza kidogo. Mpira wa Jumapili ukasimamishwa, jambo lililomuuma kuliko goti. Mazoezi ya mwili wa juu yaliendelea kama kawaida, na hilo lilimsaidia moyo, kwa sababu kila wiki kulikuwa na namba moja inayopanda.

Nusu ya kazi yangu wiki hizo ilikuwa kumzuia. Alikuwa akilifungua daftari la 2020 kila jioni. Wiki ya kumi nilimwomba aniachie daftari hilo nilifungie kabatini, akaniachia bila neno.

Mvua za Aprili

Mwishoni mwa Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Nairobi, watu wakapoteza makazi na uhai, na barabara yake ya kuingia mjini ikawa haipitiki. Alikosa mazoezi siku kumi. Aliporudi alikuwa na wasiwasi kwamba miaka minne imeanza upya. Benchi lilikuwa pale pale alipoliacha, na goti lilikuwa limetulia zaidi. Siku hizo kumi zilimfundisha kitu ambacho maneno yangu hayakuweza: kukosa wiki moja si kuacha.

Matokeo

Mwisho wa wiki ya ishirini, Juni, alikuwa hivi. Kuchuchumaa: kilo 97.5 mara tano, polepole, goti likiwa moja kati ya kumi. Benchi: kilo 90 mara tano, karibu na zile 95 za zamani. Kuinua kutoka sakafuni: kilo 140 mara tatu. Uzito wa mwili kilo 82, kiuno kimepungua sentimita 5, paja la kulia sentimita 60. Yaani mikono na mgongo vilikaribia 2020 ndani ya miezi mitano, miguu ikabaki nyuma kwa kosa la wiki mbili. Kilo 110 alizozibeba Machi alizifikia tena mwisho wa Agosti, na Oktoba akafika 125 bila maumivu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi bila ubishi ni kuanza chini. Baada ya ile Jumamosi ya Januari hakupata tena maumivu ya kumlaza, hata mara moja. Chakula nacho kilifanya kazi, na ninasisitiza hili kwa wanaoniuliza kuhusu mikebe ya unga: mtu huyu alirudisha misuli yake kwa mayai, maziwa lala, omena na ndengu. Unga una faida ya haraka kwa asiye na muda wa kupika, ila hauna kitu ambacho omena hawana.

Siku tatu kwa wiki zilitosha. Nilikuwa na shaka mwanzoni, hasa kwa sababu alizoea tano zamani, lakini kwa mtu anayelala kidogo na kukaa garini saa tatu kwa siku, siku ya nne ingekuwa ya kupoteza. Usingizi wenyewe hatukuutatua. Ulipanda kwa nusu saa tu, na naamini kama ungeongezeka zaidi, goti lingepona mapema. Hilo ni pengo la mpango wangu.

Kilichoshindwa ni kipimo changu. Nilipima kilo, marudio na paja, vyote vikiwa vipimo vya msuli, halafu nikatoa uamuzi uliohusu kiungo kizima. Hakukuwa na swali hata moja kuhusu kano, na kano haitoi taarifa mapema: hunyamaza wakati wa kazi na kulalamika kesho yake nyumbani, mahali ambapo kocha hayupo. Sasa kila mteja anayerudi baada ya zaidi ya miezi sita hunitumia ujumbe asubuhi baada ya siku ya miguu, akiniambia alishukaje ngazi. Ni ujumbe mfupi, na tayari umeshanizuia mara mbili kuongeza kilo nilizokuwa nimeshaziandika.

Nilibadili pia kasi ya kuongeza. Hata chuma kikipanda kama manyoya, wiki kumi na mbili za mwanzo siongezi zaidi ya kilo 2.5 kwa wiki kwenye kuchuchumaa baada ya mtu kufika nusu ya uzito wake wa zamani. Kwa hesabu hiyo Baba T. angekuwa na kilo 75 au 80 Pasaka, sio 110. Hakuna mjomba ambaye angeona tofauti.

Na suala la Pasaka lenyewe nalitazama tofauti. Nililichukulia kama shauku nzuri, nikaipa kilo. Ningemuuliza zaidi kuhusu yule wa zamani aliyekuwa akimtafuta, pengine ningejua mapema kwamba alikuwa pia uwanjani kila Jumapili akimtafuta yeye huyo huyo.

Mpira amerudi nao tangu Novemba, dakika thelathini, na Jumanne inayofuata hatuchuchumai. Paja la kushoto bado limepungua sentimita moja kuliko la kulia, kwa hiyo seti za mguu mmoja tunaanzia kushoto. Daftari la 2020 liko kabatini kwangu. Hajaliulizia.